Waya Uliomeza "Ha"

Namna nilivyofika nchi ya Ufikio haimsaidii msomaji, kwani hawezi kuifuata njia ile, na hata mimi sidhani kama ningeiona mara ya pili. Naanza pale nilipokwisha kuvua viatu vya safari katika mji mkuu wao uitwao Kitovu, nikapokewa na Mheshimiwa Rasimu, Mfikishaji Mkuu wa nchi, mtu mnene wa maneno na mwembamba wa majibu. Alinikaribisha kwa chai na hotuba. Hotuba ilitangulia, chai ikaja imepoa.

Aliniambia kwamba nchi yake ni ya kwanza ulimwenguni kufikiwa yote. Nilipouliza kufikiwa na nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanalowesha nini.

"Kufikiwa," akasema. "Mahali ama pamefikiwa, ama hapajafikiwa. Kwetu pamefikiwa kila mahali."

Kisheria, mahali palihesabiwa pamefikiwa iwapo waya umefika, hata kama kilichotumwa ndani ya waya hakijafika. Na palipofikiwa kwa waya, posta hufungwa, maana barua itakuwa inafuata nini? Kwetu hatuna sheria za namna hiyo, na kama tunazo basi mimi sijaambiwa.

Neno lililotawala Kitovu lilikuwa "hadi". Kila ahadi huko huanza nalo kwa amri ya serikali. Muuza sukari hakuuzii kilo moja. Anakuuzia hadi kilo moja, na ukifika nyumbani ukakuta vijiko viwili, umepata ulichonunua, kwa kuwa vijiko viwili vimo ndani ya hadi. Fundi nguo alinishonea suruali ya kufika hadi kifundoni, ikaishia magotini. Nilipolalamika aliniuliza kwa upole kama goti liko juu ya kifundo au chini yake. Nikakubali kwamba liko juu, na shauri likaishia hapo. Mkongo wao, yaani ule uzi mwembamba wa kioo unaobeba mwanga, na ndani ya mwanga sauti, picha, masomo na kila kitu, ulikuwa umepita chini ya mitaa yote ya mji, na kila nyumba iliahidiwa kasi hadi ya radi. Mwenyeji wangu alifungua picha ya arusi ya mpwa wake, akaenda kuinjika maharage, na maharage yakaiva kwanza.

"Ukitaka kuona raha ya kufikiwa," Mheshimiwa Rasimu aliniambia, "nenda Ukomo. Ndilo bonde letu la mwisho, mbali kuliko yote, na ndilo lenye shukrani kuliko yote. Kila mwaka tunawapigia simu kuwauliza kama kuna mtandao. Mabonde mengine hulalamika. Ukomo hujibu kuna! Tena wanapaza sauti, wanarudia rudia kwa furaha. Tumewatunuku kikombe."

Alitaka nikaandike sifa za bonde hilo kabla ya Siku ya Kufukia, siku ambayo Baraza lingetangaza kwamba nchi nzima imefikiwa, mitaro ifukiwe na wachimbaji warudi makwao. Baada ya siku hiyo mkongo usingesogezwa hata hatua moja. Nilikubali kwenda, kwa sababu nilikuwa nimechoka kununua vitu vya hadi.

Waya wa Ukomo ni mmoja tu, wa shaba, na huja kutoka Kitovu ukipanda vilima na kushuka, umeshikwa na nguzo za miti ambazo nyingine zimezeeka mpaka zikachipua majani upya. Sauti ikipita njia ile yote hufika hoi. Ndiyo maana Wakomo wana cheo ambacho sijakiona kwingine, cha Mtia-sauti. Mwenye ujumbe haupeleki mwenyewe. Humweleza Mtia-sauti, naye huusukuma ndani ya waya kwa nguvu zote za mapafu yake. Na kwa kuwa ndiye mdomo wa bonde, analosema yeye mbele ya serikali bonde zima linahesabiwa limelisema.

Wakati ule cheo hicho alikuwa nacho Bi Sikudhani, mjane mrefu mwenye mabega ya mtwanga mihogo na sauti ambayo nilianza kuisikia nikiwa bado upande wa pili wa kilima. Nilidhani kuna ugomvi. Kumbe alikuwa anamwomba jirani chumvi. Bonde zima lilikuwa limezoea kusema hivyo kwa kuishi na waya ule. Siri hazikai Ukomo, na kwa hiyo hata umbea haupo. Mtu atasengenya nini ambacho mwenzake hajakisikia kwa mhusika mwenyewe?

Nilitegemea kupokewa na manung'uniko. Sikuyapata. Walinionyesha kwanza mashamba yao ya kunde na viazi, yaliyopangwa ngazi kwa ngazi mpaka juu vilimani, kila ngazi imezuiwa na ukuta wa mawe uliojengwa bila udongo wala saruji, na wakanitaka niusukume ukuta. Niliusukuma. Hawakuondoka mpaka nilipokiri kwamba hautikisiki. Kisha wakanipeleka shuleni kwa Bwana Mavere, mwalimu mkuu, aliyekuwa pia msaidizi wa Mtia-sauti siku ambazo koo la Bi Sikudhani limekauka.

Bwana Mavere alinionyesha picha ya moyo wa binadamu, au tuseme nusu yake. Waliiomba Kitovu kwa ajili ya somo la afya. Ilianza kuingia kupitia waya wakati wa kupanda, na wakati wa kuvuna ilikuwa imefika katikati, ndipo waya ukakohoa na picha ikakomea hapo.

"Tunawafundisha nusu tuliyonayo," alisema, kichwa juu. "Na hiyo nusu wanaijua kuliko wenzao wa Kitovu. Waulize."

Niliwauliza. Walijua, na walinijibu kwa kishindo kilichorusha ndege kutoka kwenye paa.

Kikombe cha Kitovu nilikikuta jikoni kwa Bi Sikudhani. Alikuwa anapimia kunde.

"Wanatucheka," aliniambia. "Kila mwaka wanatuuliza kama kuna mtandao. Kila mwaka nawaambia hakuna. Hakuna mtandao! Nasema mpaka koo linawaka. Wao wanatuma kikombe. Ungekuwa wewe, mgeni, ungefanyaje?"

"Ningekirudisha."

"Kirudi na nani, na posta wameshafunga? Nimekipa kazi. Chenyewe hakina kosa."

Jioni hiyo, tukichambua kunde, alinieleza jambo lililokuwa linamkaa kooni kuliko mtandao wenyewe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Zawena, aliyeolewa ng'ambo, mbali na mipaka ya Ufikio. Zawena aliondoka bondeni kabla ya arobaini ya baba yake kutimia, kwa sababu mumewe alisubiriwa kazini, na siku hiyo mama alimwambia maneno ambayo baadaye aliyajutia. Muda ukapita. Ndipo Zawena akapiga simu kuuliza neno moja: Mama, bado kuna kinyongo?

"Nikamwambia hakuna," Bi Sikudhani alisema. "Hakuna kinyongo, mwanangu! Hakuna kabisa! Niliitoa sauti yangu yote, bonde zima ni shahidi. Akasema, 'Nimesikia, Mama.' Basi. Hajapiga tena. Nikimpigia, akiona ni Ukomo hapokei. Wewe umetembea sana, hebu niambie. Mtu akiambiwa hakuna kinyongo, ndiyo ananuna?"

Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Alichokuwa anakitaka ni kimoja tu, kumpata mtoto wake amwulize kosa liko wapi. Alikuwa na imani kwamba mkongo ukifika Ukomo, na namba ikawa mpya, na picha zikapita, Zawena angepokea bila kujua, na akishauona uso wa mama yake asingekuwa na moyo wa kukata. Niliposema kwamba Siku ya Kufukia iko karibu na mkongo hautasogea tena baada ya hapo, aliweka kunde chini.

"Basi naenda nawe Kitovu," alisema. "Waya hawausikii. Mimi mwenyewe watanisikia."

Akamwachia Bwana Mavere nyumba ya waya, akafunga kanga kiunoni, tukaondoka.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa umejaa. Wajumbe walijadili kwanza kama tangazo liseme nchi imefikiwa au nchi imekwisha kufikiwa. Kundi la kwanza lilidai kwamba "imefikiwa" inatosha. Kundi la pili likasema kwamba bila "kwisha" adui anaweza kudhani kuna kipande kimesalia. Mjumbe mmoja mwenye koti la kijivu alipendekeza mtu atumwe akaangalie. Aliombwa afute kauli yake, akaifuta, akapewa maji ya kunywa.

Kisha likaja tendo ambalo watu wote walikuwa wanalingoja. Mabonde yangeulizwa kwa simu, moja baada ya jingine, na majibu yasikike ukumbini kupitia spika kubwa. Ukomo liliitwa la kwanza kwa heshima ya kikombe chake.

"Ukomo!" Mheshimiwa Rasimu aliita. "Je, kuna mtandao?"

Spika ikakwaruza. Kutoka mbali sana ikaja sauti ya Bwana Mavere, imechoka lakini imenyooka.

"Kuna mtandao! Kuna mtandao kabisa! Tuna chochote!"

Ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi. "Tuna chochote" iliwachekesha kidogo, wakasema ndiyo lafudhi ya bondeni. Bi Sikudhani naye alisimama, ila hakupiga makofi.

"Huyo ni Mavere," alisema, kwa sauti isiyohitaji spika. "Namjua. Hajawahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Niacheni niseme naye."

Hakuna aliyemwacha, lakini hakuna pia aliyeweza kumzuia. Alifika mezani, akainamia mdomo wa simu.

"Mavere! Taja jina la mke wako!"

"Lima!"

"Nani?"

"Lima! Mke wangu ni Lima!"

Mheshimiwa Rasimu aliwaeleza wajumbe kwamba raia huyu anahimiza kilimo, wakapiga makofi tena.

"Mke wake anaitwa Halima," Bi Sikudhani alisema. "Nimekua naye. Mavere! Sema hapana!"

"Pana!"

"Sema hatutaki!"

"Tutaki!"

Makofi yakafa. Hata wale wa "imekwisha" walielewa. Ile "ha" ni pumzi tu, haina mfupa wa kuishika, na waya mrefu ule ulikuwa ukiimeza kila ilipotoka bondeni, kabla haijavuka kilima cha kwanza. Miaka yote hiyo Ukomo walikuwa wanasema hakuna, na Kitovu wanasikia kuna. Bonde lile lilikuwa halijawahi kukataa jambo lolote likasikika. Mimi nilianza kucheka, kisha nikamwona Bi Sikudhani, nikaacha.

Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo nilimwambia kuna," alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema kwa sauti ndogo. "Aliniuliza kama kuna kinyongo. Nami nikampigia kelele, kuna. Kuna kinyongo, mwanangu. Kuna kabisa."

Nimeona mengi katika safari zangu na nimejizoeza kuyaandika bila kutetereka. Hilo liliniuma, na naliandika likiwa bado linaniuma.

Aliomba simu iliyokuwa mezani kwa Mfikishaji Mkuu, apige ng'ambo mara moja tu. Karani akamsomea sheria kwamba sauti ya raia hukaa kwao. Simu ya raia wa Ukomo hupigwa akiwa Ukomo. Hakubishana naye.

"Basi narudi nyumbani," alisema. "Sasa naujua ugonjwa wa waya. Nitatafuta maneno yasiyo na ha, nitampigia kila siku, na siku moja atapokea."

Hapo Mheshimiwa Rasimu akamzuia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa ofisini muda mrefu. Alimweleza kwamba jambo limekwisha kusemwa mbele ya Baraza na sasa Mtia-sauti wa Ukomo lazima achague, papo hapo. Akiukubali waya, Ukomo litabaki limefikiwa, waya utabaki, na mitaro itafukiwa jioni hiyo. Akiukana, waya utakatwa mbele ya wajumbe na Ukomo litakuwa bonde ambalo halijafikiwa, la pekee katika nchi. Kwa mahali pa namna hiyo kulikuwa na kifungu cha zamani ambacho hakuna aliyewahi kukitumia: watu wake wana ruhusa ya kujichimbia wenyewe mtaro mpaka kwenye mkongo ulio karibu, kwa mikono yao, kabla ya mvua za kwanza. Mvua ikiwakuta hawajamaliza, wamekosa mkongo na wamekosa waya.

Mkongo uliokuwa karibu na Ukomo uliishia Njiapanda ya Chumvi. Kati ya hapo na bonde kulikuwa na vilima viwili na mwamba mweusi.

Bi Sikudhani alinitazama. Nilitazama sakafu, kwani mimi nilikuwa mgeni na mtoto hakuwa wangu. Kama angeukubali waya, baada ya safari ya kurudi angekuwa ameshika simu mkononi, ameshajua namna ya kusema na Zawena. Kama angeukana, angekuwa anaweka rehani juu ya majembe sauti ya mtoto wake na ya bonde lote. Alifunga upya kanga yake kiunoni, polepole, kama mtu aliye peke yake chumbani.

"Watoto wa Mavere wana nusu ya moyo," alisema mwishowe. "Kateni."

"Umefikiri vizuri, mama?" Mheshimiwa Rasimu aliuliza. "Mna muda hadi mvua..."

"Usiniambie hadi. Nimesema kateni."

Karani akaja na koleo. Bwana Mavere, asiyejua lolote, alikuwa bado yuko hewani anaita halo, na sisi tukimsikia anasema "Lo! Lo!" Kisha akakatika, na spika ikabaki inavuma.

Nilitazamia bonde lingempokea kwa lawama. Alisimama kwenye kilima cha kwanza, akawatangazia kila kitu kutoka hapo hapo, tangu "Lima" mpaka koleo. Kisha Halima, mke wa mwalimu, mwanamke mfupi mwenye ulimi, akapaza sauti kutoka shambani kwake.

"Miaka yote hiyo wananiita Lima? Basi nawalimia. Leteni sururu!"

Kitu nilichokiona baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike habari hii. Nimeona majeshi yakiandamana, nimeona wafalme wakitawazwa, sijaona fahari ya watu kama ile. Kila nyumba ilichukua kipande chake cha mtaro. Waliokuwa na majembe walileta majembe, waliokuwa na mitaimbo wakaleta mitaimbo, na bibi mmoja alikuja na mwiko wa ugali wa mti mgumu, akawa anasafisha kingo nao, na kingo zake zilikuwa safi kuliko zote. Kila jembe liliposhuka, mchimbaji alitoa pumzi kwa nguvu: ha! Bonde zima lilikuwa likisema ha tangu jua lilipochomoza, ha upande huu na ha upande ule, na wala hawakuwa wamekubaliana.

Ugomvi ulikuwepo, nisidanganye. Mtu mmoja alikataa katakata mtaro upite kwenye kunde zake. Walibishana naye kutoka kilima kimoja mpaka kingine, na mwisho akasema kama ni lazima upite basi atauchimba yeye, mwingine asimkanyagie mimea. Kipande chake kikatoka kimenyooka kama kimepigwa kwa kamba. Mimi pia nilichimba. Nilitoka malengelenge, na Halima aliniambia mbele ya watu kwamba nachimba kama mtu anayeandika barua.

Mwamba mweusi uliyashinda majembe. Waliuwashia moto wa magogo, ukawa mwekundu, wakaumwagia maji ya mto, ukapasuka kwa mlio uliosikika Njiapanda. Wakarudia na kurudia. Nilimwona Bi Sikudhani akibeba madumu ya maji pamoja na wasichana. Tangu waya ukatwe alikuwa hana sauti ya kumtilia mtu. Kila jioni alikuwa akitazama mawingu upande wa mashariki, na mimi nilijua anachokihesabu moyoni si kunde.

Baraza lilituma Afisa wa Hadi kukagua kazi. Alikuja na kamba ya kupimia na mwavuli.

"Mmechimba hadi wapi?" aliuliza.

"Hatukuchimba hadi," Bwana Mavere alimjibu. "Tumechimba."

Afisa akatafuta mahali pa kuandika jibu hilo, hakupapata. Akatembea juu ya mtaro wote, na alipofika kwenye mwamba uliopasuliwa nilimwona akifunga mwavuli wake na kuvua kofia. Mtu wa Kitovu kuvua kofia si jambo dogo.

Bomba lililoachwa Njiapanda na wachimbaji wa Kitovu lilishushwa mtaroni na watu waliojipanga mstari mmoja mrefu, limekaa mabegani mwao tangu Njiapanda mpaka mlango wa shule, na uzi wa kioo ukapitishwa ndani yake. Mvua ya kwanza ilipoanza kunyesha tulikuwa tunafukia. Watu hawakukimbilia ndani. Walisimama juu ya udongo wao, wamelowa, wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka nao kwa sauti ya Kikomo, sauti ambayo mpaka leo mke wangu ananilalamikia.

Mheshimiwa Rasimu alifika akiwa na kibao cha kusema kwamba Ukomo limefikishwa na Baraza, na utepe wa kukata. Walimpa kiti na viazi vya kuchoma. Kuhusu kibao, Bi Sikudhani alimwambia kwa adabu kwamba Wakomo hawakufikishwa na mtu, wamefika. Kuhusu utepe, watu walisikitika kumwarifu kwamba wameshautumia kufungia bomba. Alikula viazi vyake, akaomba vingine, na kibao alirudi nacho chini ya kwapa.

Wakomo walikubaliana bila mjadala simu ya kwanza iwe ya nani. Bi Sikudhani aliingia darasani peke yake, wakamwekea kiti mbele ya kioo cha simu mpya, na bonde zima likakaa nje ukutani, likijitahidi kunong'ona, jambo ambalo hawakuwa na ujuzi nalo. Mimi nilikaa karibu na dirisha, na nimeruhusiwa naye kusimulia nilichokiona.

Simu iliita. Ilipokewa, kwa kuwa namba ilikuwa ngeni. Kwenye kioo akatokea mwanamke mwenye mikono ya unga, ameinamisha kichwa kutazama ni nani. Alipomwona mama yake, mkono ukaenda kwenye kitufe cha kukata, ukabaki pale pale.

"Zawena," mama alisema. "Siku ile ulisikia nini?"

"Nilisikia ulichosema, Mama."

"Nilisema hakuna."

Niliona midomo ya Zawena ikilirudia neno hilo bila sauti, tangu mwanzo wake. Kisha akaondoa mkono kwenye kitufe, akavuta kigoda, akaketi.

Waya wa zamani ulikuwa na tabia kwamba ukinyamaza tu, mitambo ya Kitovu inahesabu umemaliza, inakukata. Wakomo walikuwa hawajawahi kunyamaza na mtu aliye mbali. Sasa hawa wawili walikaa wakitazamana, unga ukikauka mikononi mwa mmoja, na mwingine machozi yakimshuka bila kuyafuta, na mwanga ukaendelea kupita chini ya vilima viwili na mwamba mweusi, umebeba ukimya wao wote bila kupunguza kitu.

Nje, watu walishindwa kuvumilia. Bwana Mavere akagonga dirisha.

"Bi Sikudhani! Kimya hicho! Mmekatika?"

Hakugeuka.

"Hatujakatika," alisema. "Tumenyamaza tu."